Ukuta, Mwambie Mama

Nyumba yetu ya kwanza, mimi na mke wangu, ilikuwa imeegemea boila. Sitii chumvi. Kiwanda kilikuwa cha kupasua mbao, kwenye ukingo wa msitu wa mlima kati ya Embu na Meru, na wafanyakazi tulijengewa vyumba vya mabanzi, yaani yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa. Chumba cha mwisho kwenye safu kilitumia ukuta mmoja na banda la boila, ule mtambo wa mvuke uliozungusha msumeno. Kila mtu alikitaka, maana kule juu baridi ya Julai humwingia mtu hadi kwenye meno, na ule ukuta ulikuwa na joto kutwa nzima. Nilikipata mimi kwa sababu ndimi niliyechochea moto. Mke wangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye ameolewa na boila, mimi ni mpambe tu.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Ukitoka ulitoka na pasi mfukoni, yaani cheti cha kuruhusiwa kutembea, na jua likizama ulikuwa ndani. Watu wa mabonde ya chini walikuwa wamehamishwa na kusongamanishwa vijijini, na msitu, walimojificha wapiganaji waliopinga serikali, ulipigwa marufuku kwa kila mtu asiye na bunduki ya serikali. Juu tu ya kiwanda wanawake walichimbishwa handaki refu la kutenga msitu na mashamba, kazi ya lazima, bila malipo, na chini yake wakachomeka mianzi iliyochongwa. Homgadi, mmoja wa askari wenyeji waliowekwa na serikali, aliwasimamia na bunduki. Sisi wa kiwanda tuliachwa tuendelee kwa sababu serikali ilihitaji mbao za madaraja. Tulilindwa kwa ajili ya mbao, na tulijua hivyo.

Meneja wetu alikuwa mzungu wa makamo, mpole. Nisimsingizie ukali, sikuwahi kumwona akimwinulia mtu mkono. Shida yake ilikuwa kwamba hakuna jambo lililomhusu. Alikuwa anangoja muda wake uishe aende zake, na wakati akingoja alisikiliza redio. Neno lake lilikuwa haidhuru. Mvua ikiingia stoo, haidhuru. Msumeno ulipomla mwenzetu kidole, alimtazama, akamwambia haidhuru, akampa tumbaku. Nina hasira za karibu tangu utotoni, na lile neno lilinichoma kuliko matusi ya nyapara, maana matusi angalau yanaonyesha kuwa mtu amekuona.

Aliyenifundisha boila alikuwa mtu mwingine kabisa, fundi mzee wa mji wa Meru, Mwislamu, aliyekuwa ametembea na injini za mvuke miaka mingi kabla ya kutulia pale mjini. Alikuwa akija mara moja moja kutukagulia mashine. Alinifundisha kwa maneno machache, na mengine aliyarudiarudia mpaka nikachoka. Boila, alisema, ni sufuria kubwa ya chuma iliyofungwa. Moto uko chini, maji yako juu ya moto, na katikati kuna bati. Maji yakipungua hata bati likabaki wazi, linakuwa jekundu na kulainika. Hapo mjinga hukimbilia kutia maji baridi. Maji yakigusa lile bati jekundu hugeuka mvuke wote kwa mpigo mmoja, na boila inapasuka na kuchukua kila kilicho karibu. Aliwahi kuona moja iliyopasuka. Walichookota cha mchochea moto wake, alisema, kilibebwa na mtu mmoja bila kusaidiwa.

"Sasa ikitokea, nifanye nini?" nilimwuliza.

"Usitie maji. Usiguse vali. Usisimamishe msumeno, mwanangu, kwa maana msumeno unakula mvuke. Ukisimama, mvuke unajaa. Uue moto. Uufukie kwa udongo mbichi, mwingi, upesi. Kisha umwombe Mungu."

Hayo ndiyo niliyojua, na hayakuwa yangu.

Mke wangu alipokaribia kujifungua, mama yake alipata kibali cha kuja kumtunza kutoka upande wa Kibirichia. Alifika na kikapu cha viazi mgongoni na pasi yake imefungwa kwenye pindo la kanga. Na hapa sina budi kueleza mila, kwa maana vijana wa leo hukaa sofa moja na mama wakwe wao wakitazama televisheni. Kwetu mwanamume hakutazamana na mama mkwe wake uso kwa uso. Mkikutana njiani, mmoja alijipenyeza kichakani. Hukuingia chumba alimo, hukula mbele yake, hukusema naye. Si chuki, ni heshima, tena nzito. Ukiwa na neno la lazima ulimwambia mtoto, au mbuzi, au ukuta, na yeye akasikia kama ambaye hakuambiwa.

Basi nilihamia kwa rafiki, nikamwachia mama mkwe chumba, na kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nilisimama nje ya mabanzi.

"Wewe ukuta, muulize mama ameamkaje."

Na kutoka ndani sauti nzito, isiyo na haraka, ilijibu: "Ukuta, mwambie tumeamka salama. Mwambie pia kuni alizoleta jana ni mbichi, zinatutoa machozi."

Mchochea moto kuambiwa hajui kuni! Wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Homgadi aliyekuwa akipita alisimama siku moja akauliza kama nina akili timamu, mtu anayeamkua mbao.

Mtoto alizaliwa msichana, kwa shida sana. Mke wangu alipoteza damu nyingi na hakuweza kusimama. Hata angeweza, mila ilimtaka mzazi akae ndani mpaka siku zake za uzazi ziishe. Nguo za mtoto zilikauka kwenye ule ukuta wa joto mara tu zinapotundikwa. Nilikuwa nikifanya kazi upande wa pili, na wakati msumeno ukinyamaza nilimsikia mtoto wangu akilia, kupitia kwenye mabanzi, mkono mmoja tu kutoka nilipo. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile wala hofu ya namna ile.

Hofu ilikuwa na sababu. Afisa wa wilaya alikuwa ameamuru honi ya kiwanda iwe ndiyo ishara ya hatari kwa eneo lote: ikilia mlio mrefu, homgadi wote wakimbilie ngome yao na watu walale chini. Sasa, boila ina vali ya usalama juu yake, mkono wa chuma unaojiinua wenyewe mvuke ukizidi na kuutoa nje. Ikifanya hivyo hunguruma, na kwa mtu aliye mbali mngurumo ule haukutofautiana na honi. Mara mbili vali ilinguruma, mara mbili homgadi walikimbia, na mara mbili afisa akaja na malori ya askari akakuta sisi tunapasua mbao. Mara ya pili alimfokea meneja mbele yetu.

Meneja hakugombana. Alimwagiza nyapara atundike kipande cha reli kwenye mkono wa vali ili usijiinue tena. Nilimfuata hadi kwenye baraza yake, nikavua kofia.

"Bwana, pale ndipo boila inapopumulia."

"Haidhuru. Wewe hapana tia moto mingi."

"Na siku ukizidi bila mimi kutaka?"

"Haidhuru," akasema, wala si kwa ubaya, kisha akaongeza sauti ya redio.

Nilirudi na hasira zangu. Lakini ningefanya nini? Mtu akifukuzwa kazi siku hizo alinyang'anywa pasi, na asiye na pasi alipandishwa lori, na wake waliobaki walijua tu kwamba lori lilielekea chini. Nikaumeza ule moto, nikachochea mwingine.

Mabaya hayaji peke yake. Handaki lilipofika juu ya kiwanda lilikata mfereji uliotuletea maji kutoka mtoni. Wanawake waliambiwa watengeneze daraja la mabanzi la kuvushia maji, wakalitengeneza kwa haraka huku wakipigiwa kelele, na mvua ilipokuja udongo ukaporomokea humo. Maji yakatufikia mekundu kama chai ya maziwa. Nikaenda tena barazani. Maji ni maji, nikaambiwa.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Ilikuwa imenyesha, ukungu umekaa juu ya msitu, msumeno unaimba kwenye gogo la kafuri na harufu yake imejaa kote. Ubavuni mwa boila kuna bomba dogo la kioo linaloonyesha kimo cha maji yaliyomo ndani. Nililitupia jicho, kama ninavyofanya kila ninapotia banzi motoni. Maji yalikuwa nusu, vizuri kabisa. Nikatia banzi jingine. Nikatazama tena. Nusu.

Kilichonishtua ni utulivu wake. Maji ya boila inayofanya kazi huchezacheza kwenye kioo, hupanda na kushuka kidogo, hayatulii. Haya yalikuwa yametulia kama maji ya mtungini. Nikafungua bilula ya chini ya kile kioo, na badala ya maji likadondoka tope. Kioo kilikuwa kimeziba. Kilikuwa kikinionyesha maji ya asubuhi. Nikafungua bilula nyingine, ile ya chini kabisa kwenye boila yenyewe, ambayo ni lazima itoe maji. Ikatoa mvuke mkavu, uliolia kama nyoka. Maji yalikuwa yameshuka chini ya pale, sijui kiasi gani, moto ulikuwa umeshiba, na juu ya kichwa changu kipande cha reli kilikuwa kimening'inia kwenye vali.

Nilikuwa na mwenzangu wa moto, Mwembu mtulivu ambaye hakupenda maneno mengi. Nilimwambia aende kwa wapasuaji, awaeleze kweli yote, na awaombe wasisimame. Alinitazama, akaenda. Na wale watu, nawashukuru mpaka leo, walisikia kwamba boila huenda ikapasuka, na wakaleta gogo jingine. Mimi nilikimbia kwa meneja.

Alikuwa anakula. Nilimweleza kwa Kiswahili chepesi kuliko chote nilichokuwa nacho.

"Maji kidogo? Tia maji."

"Nikitia itapasuka, Bwana. Nipe watu wa handaki, nipe udongo. Mwambie homgadi."

"Hapana sumbua mimi wakati ya chakula," akasema. "Tia maji, basi."

Akarudia sahani yake. Nimewahi kuulizwa na wanangu kwa nini sikumshika shati. Sikuwa na nafasi ya kumshika shati. Nilikuwa nawaza kitu kimoja: mtoto wangu alikuwa amelala mkono mmoja kutoka kwenye ile boila, na mama yake hawezi kutembea.

Niliporudi, nilichukua sepetu na kuangalia chini. Sakafu yote ya banda, na ua wote wa kiwanda, ulikuwa unga wa mbao. Ungeutupa motoni, moto ungeshukuru. Udongo mbichi ulikuwa handakini, karai kwa karai, juu ya vichwa vya wanawake, mahali ninapopaona kwa macho. Lakini mwanamume aliyekaribia handaki bila ruhusa alikuwa amejitangaza kuwa wa msituni. Walikuwa wamempiga mmoja risasi mwezi huo huo, na yeye alikuwa anafuata mbuzi.

Nikauendea ukuta wangu.

"Wewe ukuta," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "waambie walio ndani watoke. Sasa hivi."

Kisha sauti ya mke wangu, dhaifu: "Baba mtoto, kuna nini?"

"Boila. Toka na mtoto."

"Siwezi hata kukaa."

Halafu ile sauti nzito, isiyo na haraka: "Ukuta, muulize kitu gani kinaponya."

Nawaomba muelewe. Mtu mwingine angeuliza kimetokea nini, nani alaumiwe, kwa nini. Yeye aliuliza kinachoponya.

"Udongo," nikauambia ukuta. "Udongo mbichi, mwingi, wa kuufukia moto. Wanao wanawake wa handaki, na mimi siwezi kuwafikia."

Nikasikia mlango. Niligeuka haraka nikampa kisogo, mikono usoni, kama mila inavyotaka, huku boila ikivuma nyuma ya mabanzi. Mtu ni mtu wa ajabu. Nilikuwa nakaribia kufa na bado naona haya mbele ya mama mkwe. Alinipita akikimbia, na nilichoona kati ya vidole ni nyayo zake, hazina viatu, zimepasuka visigino, zikikanyaga unga wa mbao.

Akapiga mbu.

Mbu ni ukelele wetu wa kuitana kwenye hatari, Wameru na Waembu sote. Haubebi maneno. Ukiusikia unaacha ulilo nalo na kwenda, na unakwenda na kilichomo mkononi mwako: mwenye panga na panga, mwenye mwiko na mwiko. Asiyekwenda hana mtu siku yake ikifika. Lakini afisa alikuwa ameupiga marufuku. Honi ndiyo ishara, alisema, na atakayepiga mbu atahesabiwa kuwa anawaita watu wa msituni. Kijiji chetu kilikuwa hakijausikia tangu handaki lianze. Mama mkwe aliyajua hayo vizuri. Alisomewa siku aliyopewa kibali.

Aliupiga mara ya kwanza na wanawake wote wakainua vichwa. Mara ya pili alikuwa ameshafika ukingoni, anaonyesha kwa mikono yote miwili: kichwani, udongo, kule kwenye moshi. Hawakuuliza. Walitoka kwenye handaki na karai vichwani zikiwa zimejaa, majembe mkononi, wengine na watoto mgongoni, wakateremka mteremko ule wenye utelezi wakikimbia. Walikuwa wamefungiwa kijijini mwaka mzima, wanachimba kwa njaa, wanahesabiwa asubuhi na jioni. Nadhani hata miguu yao ilishangaa.

Homgadi akafyatua risasi hewani, akapiga kelele warudi. Hakuna aliyerudi. Akawafuata mbio, bunduki imeelekezwa mgongoni mwa wa mwisho.

Kumbeba mke wangu kungechukua muda ambao hatukuwa nao; mimi na mwenzangu tulifungua mlango wa moto. Joto lilitupiga tukarudi nyuma. Karai ya kwanza ikaingia, ya pili, moto ukatoa moshi mweupe na kunguruma kama umetukanwa. Wanawake walijipanga wenyewe, wakapitishana karai mkono kwa mkono kutoka uani hadi kwangu, na zilizokwisha zikarudi kwa mstari mwingine kujazwa. Hakuna aliyewapanga. Walikuwa wamefundishwa na handaki lile lile.

Yule homgadi akatokea mlangoni akihema. Alikuwa mtu wa Embu, mkubwa wa mwili, tuliyemwogopa sana. Aliona boila, akaona reli juu ya vali, akasikia mvuke unavyolia. Aliiegemeza bunduki yake kwenye nguzo.

"Karai ingine iko wapi?" akauliza.

Alibeba udongo mpaka mwisho. Sijui aliwaza nini, hakuniambia kamwe, na nilimshukuru kwa mdomo wangu siku ile ile maana kwake sikuwa na mila ya kunizuia. Aliniambia ninyamaze.

Moto ulikufa polepole. Kule ndani msumeno ulianza kuchoka, sauti ikashuka, ikashuka, ukasimama katikati ya gogo kwa kukosa mvuke. Ndipo tukajua tumepona. Tulikaa chini wote pale pale kwenye tope, wanaume na wanawake, na kwenye kimya kile nikamsikia mtoto wangu, nyuma ya ukuta, anapiga chafya.

Nililia. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nikalia mbele za watu.

Afisa alikuja alasiri kwa ajili ya risasi na ule mbu. Alitupanga mstari akataka kujua ni nani aliyepiga ukelele. Wanawake walitazama miguu yao. Mama mkwe alikuwa ndani na mjukuu, mlango umefungwa, na mimi nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nitasema ni mimi. Homgadi akasema hakuona vizuri, moshi ulikuwa mwingi. Afisa akamgeukia meneja, ambaye alikuwa ameletwa kutoka kwenye redio yake na alitamani kurudi.

"Haidhuru," akasema meneja. "Kelele ya wanawake tu. Moto ilikuwa, sasa hapana."

Na kwa kuwa kiwanda kilikuwa chini yake na yeye mwenyewe halalamiki, afisa akafunga mambo hapo. Lile neno, ambalo saa chache kabla lilitaka kutuua, lilimwokoa mama mkwe wangu na gereza. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi na bado linaniudhi. Lakini shukrani ni shukrani, na ya yule mzungu naiweka hapa, ndogo kama ilivyo.

Wanawake hawakuponyoka hivyo. Waliambiwa warudishe kazi waliyoiacha, wakachimba hadi giza lilipoingia. Keshoye kabla ya jua sisi wa kiwanda tulibeba mabanzi mazuri tukawajengea upya lile daraja la maji, homgadi akitazama upande mwingine. Wengi wao sikuwahi kujua nyumbani kwao. Kila mwanamke mzee ninayekutana naye sokoni, awe wa Chuka au Runyenjes, namwamkia kwa adabu, huenda ni mmoja wao.

Fundi mzee aliitwa kutoka Meru. Alipoingia na taa ndani ya boila iliyopoa alikaa humo kitambo. Lile bati la juu ya moto lilikuwa limebonyea kwenda chini kama kitanda kilichochoka. Alitoka, akajipangusa masizi.

"Mke wako analala wapi?"

"Nyuma ya ukuta huu."

Alisema alhamdulillahi, akapanda ngazi, akaifungua ile reli mwenyewe, akaenda nayo hadi kwenye handaki na kuitupa humo. Toka siku hiyo vali ilinguruma ilipotaka, na homgadi wakajifunza kutokimbia.

Kwa mama mkwe nilikuwa na deni lisilolipika, na mila ilinizidishia. Kwa kuwa alitoka mbele yangu na nikaona nyayo zake, wazee walisema nimemkosea heshima, nimpe blanketi. Nilinunua lile zito kuliko yote dukani kwa Mwarabu mjini Meru. Aliambia ukuta kwamba limepokelewa na kwamba linawasha kidogo. Siku zake za kibali zilipoisha akarudi Kibirichia na kikapu kitupu, nami sikuwa nimemwambia asante. Ningemwambiaje? Neno kama lile haliambiwi mbao asubuhi kati ya habari za kuni. Kila nilipolileta mdomoni lilionekana dogo, nikalirudisha.

Hali ya Hatari ikaisha, kiwanda kikafungwa, nikapata kazi nyingine na nyingine. Nilimjengea mama mkwe nyumba ya mbao, zote za kafuri, nikizipigilia misumari yeye akiwa shambani, nikiondoka kabla hajarudi. Aliishi humo miaka mingi. Tuliendelea hivyo hivyo, tukipishana njiani kwa kichaka, tukisemeshana kwa wajukuu.

Alipougua ule ugonjwa wa mwisho, binti yangu, yule yule aliyepiga chafya, alinipeleka kumwona. Alikuwa mama mwenye watoto wake sasa, mwalimu, hana subira na mambo yetu ya kale. Asubuhi ilikuwa na umande mzito, mashamba ya viazi yamefunikwa na ukungu.

"Baba, ingia tu. Ni mgonjwa, hata hatakuona vizuri."

Sikuingia. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasimama pale nilipokadiria kitanda kipo, nikavua kofia. Mbao zangu zilikuwa zimegeuka rangi ya kijivu. Niliweka mkono juu yake.

"Wewe ukuta," nikasema, "mwambie mama asante. Kwa ile siku. Kwa mtoto, na mama yake, na mimi."

Nikadhani amelala, au sikusikika. Kisha sauti ikaja, imedhoofika lakini bado haina haraka.

"Ukuta, muulize mbona amekawia."

Machozi yalinitiririka hadi kwenye kola.

"Na umwambie aingie," akasema. "Huko nje ni baridi."

Nikazunguka hadi mlangoni, nikafuta viatu, nikaingia.